Kumpelekea Dastani Unga Kisiwani

Mmekuja mmoja mmoja kuniuliza, na kila mmoja nimemsimulia kipande, mpaka mwenzenu nimechoka. Tena nasikia vipande vyenyewe vinasimuliwa kisimani vikiwa na mikia nisiyoijua. Eti nilipanda meli. Eti nililala na majini. Haya, kaeni niwaandikie yote mara moja, na mwenye kusoma awasomee wenzake. Habari za nauli na vibali sitaziandika, zinamchosha hata aliyezitafuta.

Dastani ni mdogo wangu, tumbo moja. Aliacha mke na shamba akaenda pwani kuchimba mawe ya chokaa kwenye kisiwa kidogo kupita Mikindani, kisiwa kisichokaliwa na mtu. Aliyeleta habari za kifo chake ni mwenzake wa kazi, mtu wa Lupaso. Alisema homa ilimchukua, na bahari ilikuwa imechafuka, hakuna chombo kilichoweza kumvusha, wakamzika huko huko. Akatukabidhi blanketi lake.

Mama yetu alilikataa blanketi. Akasema mablanketi ya kazini yanafanana yote. Halafu akatokea mropokaji mmoja akasema amemwona Dastani Unguja, amenenepa, ana mke wa huko. Ndiyo ikawa basi tena. Mama akalishikilia neno hilo kwa mikono miwili, akakataa kumaliza msiba. Hakunyoa nywele. Na Zaituni, mke wa Dastani, naye akabaki hivyo hivyo na nywele zake, maana kwetu mjane hanyolewi wala haogeshwi mpaka mama wa marehemu akubali kwamba mwanawe amekufa. Masika mawili yakapita.

Mwishowe mama mwenyewe akasema mtu aende na unga. Akatwanga mtama kwa mikono yake, na macho yake yale mnayajua, haoni ila mwanga wa mlango. Desturi mnaijua pia. Unga wa wafu hauonjwi, na hauwekwi chini mpaka ufike kaburini. Pale unamwagwa taratibu kwa vidole mpaka uchongoke. Ukisimama, marehemu yupo na amepokea. Ukimeguka, amekataa, au hayupo.

"Ukianguka usihuzunike," mama akaniambia huku akifunga kitambaa, na uso wake ukakaribia kucheka. Nikajua anaomba uanguke. Mwenzenu nilitoka nyumbani nimebeba matumaini ya mama yangu, na safari yenyewe ni ya kwenda kuyazika. Roho iliniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Lulindi mpaka Newala

Lori la korosho kutoka Masasi tuliambiwa lingepita Lulindi asubuhi. Lilipita alasiri. Kutwa nzima nilikaa kando ya barabara na unga mapajani, nikila mihogo ya kuchoma kwa mkono mmoja. Lilipofika, utingo akanipandisha juu ya magunia, akautazama mzigo wangu.

"Mama, weka hicho kifurushi chini, watu wapate nafasi."

"Hakiwekwi chini."

"Kwani una mayai?"

"Nina unga."

Wakacheka lori zima. Mwanamume mmoja akasema hajapata kuona unga unaopakatwa kama mtoto mchanga. Nikamwambia na ajifunze basi, asije akafa na ujinga wake. Mnanijua, mdomo sina uwezo wa kuuzuia.

Mlimani lori likashindwa. Mnajua jinsi njia ya kupanda Newala ilivyo, ukitazama chini unajiuliza kilichokuleta. Tukashushwa, wanaume wakawa wanatia mawe nyuma ya matairi na kusukuma, sisi tukitembea. Mimi sikusukuma kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi. Wakaanza kunung'unika, yule mcheshi akiongoza, mpaka bibi mmoja wa Kimakonde, mwenye ndonya, kile kigingi cha mti, kwenye mdomo wa juu, akawageukia na kuwaambia maneno mawili matatu ya kwao. Sikuyaelewa vizuri lakini walinyamaza wote. Kisha akanijia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huo unga ni wa nani?"

"Wa mdogo wangu, bibi."

"Amelala wapi?"

"Wanasema kisiwani, huko pwani."

"Wanasema?" Akajifunga kanga vizuri. "Haya, nenda ukaone kwa macho yako. Leta nikushikie, ukajisaidie porini. Tangu Lulindi umejibana, nimekuona."

Akaupokea kwa mikono miwili, akaketi juu ya jiwe nao, hakusema na mtu mpaka niliporudi. Sikumuuliza hata jina. Naona aibu sasa hivi ninapoandika.

Newala tulifika giza limeingia, upepo wa huko unapenya mpaka mifupani. Tulilala kwenye baraza la duka. Wanaume walikuwa wakinong'ona habari za uhuru na mikutano, na kila akipita askari wa boma wanageuza mazungumzo, wanaanza kulalamikia bei ya korosho. Nililala nimekaa, unga kifuani.

Mnyambe kwa wifi yangu

Zaituni kwao ni Mnyambe, na sikuweza kupita bila kumwona. Nilifika nikapiga hodi, akatoka yeye mwenyewe, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuniletea maji kwenye bakuli ninawe miguu. Ninyi wa Lulindi hamjui maana ya jambo hilo. Juu kule maji wanayashukia bondeni tangu jogoo la kwanza, wanapanda nayo kichwani mpaka jua limekuwa kali. Nikamwambia, "Wifi, miguu yangu imezoea vumbi, yarudishe mtungini." Akakataa. Ikabidi ninawe, na yeye mwenyewe amekaa mbele yangu ngozi imepauka kwa kukosa mafuta, nywele zimejisokota, msichana aliyekuwa akipendeza mpaka Dastani akavuka mlima kumfuata.

Tulikula kisamvu na ugali wa muhogo. Baba yake alinieleza waziwazi kwamba amechoka. Kwa dini yao eda ilikwisha zamani, na mwalimu wa msikitini amesema hivyo. Tena kuna mtu, mjane mwenzake, mtulivu, ana mikorosho yake, amekuja kuuliza zaidi ya mara moja. "Lakini huyu hataki," mzee akasema. "Anasema hawezi kuoga na mkwe wake ana nywele kichwani."

Nikamtazama Zaituni. Akainama, akawa anaokota punje kwenye mkeka.

"Mama yako alinilea nilipokuja kwenu sijui hata kuchuma mboga za huko," akasema. "Nikioga mimi peke yangu, nimemwambia kwamba mwanawe kafa. Siwezi, wifi."

Aliponisindikiza njiani ndipo akasema la moyoni. "Ukifika kwa Dastani, mwambie simdai kitu. Kama yuko pale, asimame. Mimi nimechoka kuwa mke wa habari." Akalia, nami nikalia, tukiwa tumesimama njiani kama wehu. Tukaagana kwamba ashuke Lulindi anisubiri kwa mama.

Mikindani

Njia ya kushuka pwani ni mchanga na joto, na lori la pili lilikuwa bovu kuliko la kwanza. Sina haja ya kusimulia zaidi. Bahari sikuwahi kuiona, nikadhani ni mto mpana tu. Nilipoiona nilikaa chini. Nilijisemea, Dastani, wewe uliyekuwa unaogopa kuvuka Ruvuma, ulithubutu vipi kuingia humu?

Yule mtu wa Lupaso alikuwa ametuelekeza kwa Abdala, mwenye mashua, ambaye zamani za kazi ya chokaa ndiye aliyekuwa akiwapelekea wachimbaji maji ya kunywa, maana kisiwa hakina kisima. Nilimpata kwa kuulizauliza. Mtu mzima, mpole, hasemi sana. Akanipeleka kwa dada yake, Bi Mwanahawa, ili nilale, asubuhi tuvuke.

Bi Mwanahawa alinipokea mlangoni kama ndugu yake. Mikono ilikuwa imeniuma, miguu imevimba. Nikamkabidhi unga kwa mikono miwili, nikamwambia, "Dada, nipokelee huu, usiuweke chini." Naye akaupokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema, "Ahsante mgeni wangu, umejisumbua." Moyo wangu ukatulia kabisa. Kumbe na watu wa pwani wana adabu ya mambo haya, nikafikiri. Sikueleza zaidi ya hapo. Wale ni watu wa dini, niliogopa kuitwa mshirikina hata kabla sijaingia ndani.

Nikaoga. Nikajinyoosha, usingizi ukanichukua. Waliponiamsha jua lilikuwa limekwisha kuzama, sinia imetengwa, kuna samaki wa nazi na ugali unafuka moshi. Njaa niliyokuwa nayo sikuijua mpaka nilipoiona ile sinia.

"Anza wewe, mgeni," akasema Bi Mwanahawa.

Nikakata tonge. Nikakata na la pili. Ugali ulikuwa wa mtama, ladha ile ile ya kwetu, nikafurahi. Nikasema, "Dada, sikujua kama huku nako mna mtama mtamu hivi."

Akacheka. "Mtama wa huku wapi? Si huo uliotuletea. Ukaniambia nisiuweke chini, nami nikautia chunguni moja kwa moja."

Jamani. Jamani wenzangu. Tonge lilikuwa bado liko kooni. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Sikujua nitapike au nipige kelele. Siku zote zile, magunia, mlima, usiku wa baridi, na mikono ya mama ikipapasa kinu, vyote vimeishia kwenye sinia na mchuzi wa nazi, na mimi ndiye niliyeanza kula.

Nilipoweza kusema nikawaeleza. Bi Mwanahawa akashika kichwa. "Yalaa! Nimepika chakula cha maiti wa watu!" Akalia mpaka ikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Abdala alinawa mikono polepole.

"Kila mgeni wa bara akija nyumba hii huja na unga," akasema. "Tungejuaje, mama?"

Kweli wangejuaje? Nilitafuta wa kumkasirikia, sikumpata. Ulibaki ugali kidogo, kiasi cha ngumi mbili. Nikaufunga kwenye kile kitambaa cha mama. Alfajiri nilisikia kinu. Bi Mwanahawa alikuwa anatwanga mtama wa kukopa kwa jirani. Nilitoka nikamwambia, "Dada, hautakuwa wa mama." Akajibu bila kuacha kutwanga, "Najua. Lakini niache nitwange."

Kisiwani

Ndani ya mashua nilishika ubao mpaka Abdala, aliyekwisha kujua jina la mwanangu, akaniambia, "Mama Osmundi, utaung'oa huo, tutazama kweli." Alitaka nicheke, nami nikajaribu. Maji yaliruka yakanilowesha mpaka chumvi ikanikauka kwenye kope. Pwani ya upande ule haina ufuko. Ni majabali matupu, bahari imeyala kwa chini, yamebaki yameinama juu ya maji, na wimbi likigonga chini yake unasikia kishindo tumboni mwako. Kisiwa nacho ni hivyo hivyo, jabali lililotengwa na wenzake. Tulikizunguka tukingoja maji yapungue, na hata yalipopungua ilinibidi niruke. Niliruka nimefumba macho, na maombi yangu siyaandiki hapa.

Hakuna kitu kule. Mawe yenye makali yanayokata kandambili, vichaka vya miiba vimelala upande mmoja kwa upepo, kaa wanakimbia. Matanuri ya chokaa yamebaki mashimo meupe. Nilisimama pale nikafikiri, mtu aliyezaliwa Lulindi kwenye miembe na vivuli alikuja kufia hapa, akitazama nini?

Makaburi ni machache, yako mahali penye udongo kidogo, yamewekewa mawe pembeni. Abdala akanionyesha la mwisho. Juu yake palikuwa na kikombe cha bati kimefudikizwa, kimetobolewa kitakoni. Mtu wa Lupaso alifuata desturi yetu, Mungu ambariki. Mkono wa kikombe ulikuwa umevunjika ukafungwa waya wa shaba, umesukwa vizuri kama ushanga. Hakuna mwingine aliyesuka waya vile. Dastani alisuka waya hivyo kwenye mpini wa kila kisu cha nyumba yetu.

Nilikuwa namwamini mtu wa Lupaso tangu mwanzo, lakini kumbe na mimi nilikuwa nimeficha mahali fulani yule mwanamume mnene wa Unguja. Huyo naye alifia pale pale, mbele ya kile kikombe.

Abdala akachutama kando yangu. "Mimi ndiye niliyekuwa nikileta maji," akasema. "Siku zile bahari ilikataa. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumzika. Waliniambia alikuwa akiulizia maji." Akarudisha jiwe moja pembeni mwa kaburi. "Nimekuwa nikitaka kumwambia mtu wa kwao."

Nikamwambia, "Bahari si yako, kaka."

Nikafungua unga wa Bi Mwanahawa, nikapiga magoti, nikaanza kuumwaga kwa vidole kama nilivyofundishwa. Upepo ukauchukua wote. Haukusimama wala haukuanguka, haukufika chini kabisa. Nikajaribu kuukinga kwa kanga, kwa mwili wangu, Abdala akaja akakinga upande wa pili, wapi! Ukaenda baharini mpaka vidole vikabaki vitupu.

Ndipo nikatoa ule ugali, nikauweka pembeni ya kikombe. Nikamwambia kwa lugha yetu, "Dastani, huu ni wa mama. Umepikwa kwa bahati mbaya, na mimi nimeula. Kula hivyo hivyo." Nikamfikishia maneno ya mkewe, yote. Nikasali Baba Yetu. Abdala akasoma Fatiha. Kisha akaenda mashuani, akarudi na kibuyu chake cha maji ya kunywa, akayamimina yote juu ya kaburi, mpaka tone la mwisho. Tulirudi na kiu.

Kikombe nilikiacha. Kitu cha kaburini hakirudi nyumbani, hata mkono ukikitamani namna gani.

Nyumbani kwa mama

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikitafuta la kumwambia mama. Nikisema ulisimama, nimedanganya juu ya kaburi. Nikisema haukumwagwa, Zaituni atabaki na nywele zake mpaka lini? Nilifika bila jibu. Walikuwa wamekaa mkekani wawili, mama na Zaituni, wakichambua choroko. Mama hakuniuliza hali.

"Ulisimama?"

"Mama, haukumwagwa."

Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza amegeuzia sikio kwangu. Nilipofika pale pa chungu, uso wake ukang'aa.

"Basi hakuna jibu," akasema. "Hakuna aliyejibu."

"Nimeliona kaburi, mama. Kikombe chake kipo, na waya wake."

"Watu wangapi wanafunga waya? Kakufundisha nani kwamba ni yeye peke yake?"

Zaituni aliinamisha kichwa, choroko zikamponyoka. Hasira ikanipanda, nikasema nisilotakiwa kumwambia mzazi. "Mama, unamfuga mtoto wa watu humu kama kuku! Mnataka kuoza wote wawili na nywele hizo? Nilipiga magoti pale! Nilikula unga wa maiti kwa mkono wangu!"

Nilidhani atanilaani. Mikono yake ikatulia juu ya ungo.

"Huo ugali," akauliza polepole, "nani alianza kula?"

"Mimi. Nilikuwa mgeni, wakaniambia nianze."

"Kabla ya wote?"

"Kabla ya wote, mama."

Akaweka ungo kando. Akapapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu. "Tangu alipoacha ziwa, Dastani hakutia tonge kinywani kabla yako. Nilimpiga. Baba yenu alimpiga. Anakaa tu mbele ya chakula, anakutazama wewe mpaka ukate la kwanza."

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau kabisa, na pale nikamwona, mtoto mwenye kamasi na tumbo, ananingoja.

"Chakula chake kimeanzia kwako," mama akasema. "Hakuna mwingine wa kukungoja uanze. Amepokea. Ni yeye." Akajipapasa nywele kichwani. "Leteni wembe. Anzeni na Zaituni, mtoto wa watu amengoja sana."

Halafu akapiga yowe. Yowe la masika mawili, jamani, halikuwa la kibinadamu. Sikuweza hata kuinuka. Zaituni ndiye aliyemrukia akamkumbatia, wakawa wanayumba pamoja, zile nywele zimechanganyika huwezi kujua ni za nani. Majirani wakaja mbio, wengine na majembe mkononi, wakisimama mlangoni na kuuliza ni nani, nani amefariki.

Zaituni akainua uso akawajibu.

"Dastani."